Jinsi ya Kuanzisha Kituo cha Elimu Kuhusu Wazimamoto wa Miavuli: Anza na Wazee, Jengo Litafuata

Tangu nianze kujitolea katika kituo chetu kidogo hapa Missoula, Montana, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: jengo mlilipata wapi? Hilo ni swali la hatua ya tano. Miaka miwili ya mwanzo hatukuwa na jengo wala chumba. Tulikuwa na kinasa sauti, daftari, na orodha ya wazee waliowahi kuruka kutoka kwenye ndege kwenda kuzima moto wa msituni. Karibu kila kitu tulicho nacho leo kimetoka kwa wazee hao, ndiyo maana nakuomba usiupindue mpangilio wa hatua hizi.

Kwa asiyewajua, hawa ni wazimamoto wanaoshushwa kwa parachuti mahali ambapo barabara haifiki, ili moto uzimwe ungali mdogo. Kazi hiyo ilifanyiwa majaribio Winthrop, jimbo la Washington, mwaka 1939. Tarehe 12 Julai 1940, Rufus Robinson na Earl Cooley wakawa wa kwanza nchini Marekani kuurukia moto wenyewe, katika msitu wa Nez Perce, Idaho. Hutua na zana za mkono, chakula na maji ya siku mbili hivi, na moto ukishazimwa mara nyingi hutoka msituni kwa miguu, mgongoni wamebeba mzigo wa kilo 50 hivi.

Hatua ya 1: Warekodi wazee

Aliyeruka mwaka 1955 akiwa na miaka 20, leo amefika 90. Sisi tulimchelewesha mzee mmoja kwa sababu tulitaka kwanza tupate kamera nzuri zaidi. Kamera ilipofika, tulikwenda nayo msibani. Simu yako inatosha. Nenda wiki hii.

Keti naye mezani jikoni kwake, zima redio, na mwombe ruhusa ya kuzima friji kwa saa moja, kwa kuwa mngurumo wake huingia kwenye kila neno. Usianze kwa kumuuliza alijisikiaje. Muulize mfuko wa mguuni ulikuwa na nini. Atakwambia kamba. Muulize ya nini. Hapo ndipo atakapokusimulia siku parachuti lilipokamatwa na matawi, akaning'inia juu ya ardhi, akaifunga kamba na kujishusha taratibu mpaka chini. Mwekee ramani mezani, mpe na kalamu. Mkono ukipita juu ya ramani unakumbuka mito na vilima ambavyo ulimi umeshavisahau.

Kabla hujaondoka, asaini fomu ya ruhusa inayosema sauti yake itatumika wapi na kwa lengo gani. Ukisema utairudia baadaye, warithi watakuwa watano na kila mmoja na lake. Weka nakala tatu za rekodi, moja ikae nje ya mji.

Hatua ya 2: Tafuta sehemu ya historia ambayo haijasimuliwa vya kutosha

Tembelea kwanza vituo vilivyopo. Hapa Missoula, kwenye kambi ya warukaji ambayo Rais Eisenhower aliizindua mwaka 1954 na ambayo bado inafanya kazi, wageni hupokelewa na kutembezwa. Cave Junction, Oregon, kuna makumbusho ndani ya majengo ya kambi iliyofanya kazi kuanzia 1943 hadi 1981. Winthrop nako wageni hukaribishwa. Ukiiga wanachofanya wao, utagawana nao wafadhili walewale wachache bila kuongeza kitu.

Sisi tulichagua watu wanaotajwa kwa sentensi moja halafu wakapitwa. Wamo vijana waliokataa kubeba silaha wakati wa Vita Kuu ya Pili kwa sababu ya imani yao, wengi wao wa madhehebu ya Kikristo yanayopinga vita, yaani Wamenno, Wakweka na Kanisa la Ndugu, wakapangiwa kuruka motoni kuanzia 1943 kambi zilipopungukiwa na watu. Yumo Deanne Shulman, mwanamke wa kwanza katika kazi hii nchini Marekani, aliyefuzu McCall, Idaho, mwaka 1981. Na kimo Kikosi cha Miavuli cha 555, ambacho kwangu ndicho moyo wa kituo.

Kikosi hicho kilikuwa cha askari weusi watupu, katika jeshi lililokuwa bado linatenga watu kwa rangi. Walijifunza kuruka wakitarajia kupelekwa Ulaya. Mwaka 1945 wakapelekwa Pendleton, Oregon, kwa siri, kwa kuwa Japani ilikuwa ikirusha maputo yenye mabomu yavuke Pasifiki na kuwasha misitu ya Marekani. Tarehe 5 Mei mwaka huo bomu moja la puto liliua watu sita karibu na Bly, Oregon: mwanamke mjamzito na watoto watano. Askari wa 555 waliruka zaidi ya mara 1,200 msimu ule. Tarehe 6 Agosti, Malvin Brown, tabibu wa kikosi, alianguka kutoka kwenye mti mrefu alipokuwa akijishusha, akafa. Ndiye wa kwanza kufa katika kazi hii nchini Marekani. Kijana mweusi akiingia kituoni kwako, jina hilo alikute ukutani kabla hajauliza.

Hatua ya 3: Karatasi

Sajili shirika kwenye ofisi ya jimbo. Montana hutaka wakurugenzi wasiopungua watatu, na ushauri wangu ni kwamba mmoja wao awe mhasibu. Wote wakiwa warukaji wastaafu, vikao vitakuwa vitamu na vitabu vya hesabu vitakuwa vitupu. Katika hati ya kuanzisha shirika, andika waziwazi kwamba lengo ni elimu, na kwamba likivunjwa, mali yake itakwenda kwa shirika jingine la aina hiyo. Vifungu hivyo viwili visipokuwemo, maombi yatarudishwa.

Kisha omba namba ya mwajiri kutoka mamlaka ya kodi, IRS. Ni bure, usimlipe mtu akuombee. Baada ya hapo omba msamaha wa kodi. Ukitarajia mapato yasiyozidi dola 50,000 kwa mwaka na mali isiyozidi dola 250,000, Fomu 1023-EZ inatosha, ada dola 275. Ukizidi hapo ni Fomu 1023 kamili, dola 600. Ipeleke ndani ya miezi 27 tangu mwezi wa kusajiliwa, ili msamaha uhesabiwe kuanzia siku ile ya kwanza.

Na kila mwaka wasilisha ripoti, hata kama hamkuingiza senti. Mashirika madogo hutumia Fomu 990-N, inayojazwa kwa dakika chache mtandaoni. Ukiacha miaka mitatu mfululizo, msamaha unafutwa wenyewe.

Jambo jingine dogo: usichapishe picha ya Smokey, yule dubu wa katuni wa kampeni ya Marekani ya kuzuia moto wa misitu, kwenye fulana zenu bila kibali. Analindwa na sheria ya shirikisho tangu 1952.

Hatua ya 4: Vitu

Habari ikishaenea, familia zitaanza kuleta masanduku. Kila kitu kipokelewe kwa hati ya zawadi iliyosainiwa, inayosema ni chenu moja kwa moja. Vya kuazimwa tulivikubali mwanzoni, tukajuta: mjukuu wa mwenye kofia alikuja kuidai wiki moja kabla ya maonyesho. Mtoaji akitaka mkadirie thamani ya zawadi yake kwa ajili ya kodi, kataeni kwa upole. Atafute mkadiriaji wake.

Parachuti la zamani liweke mbali na jua, kwa sababu mwanga huila nailoni polepole mpaka ichanike kama karatasi. Usilikunje kwenye mistari ileile miaka yote. Liviringishe juu ya bomba lililofunikwa kwa karatasi isiyo na asidi. Wala usimruhusu mtu yeyote aruke nalo, hata mzee aliyelifunga mwenyewe.

Hatua ya 5: Jengo

Nenda kwenye kiwanja kidogo cha ndege cha kaunti. Viwanja vilivyopokea fedha za serikali kuu kwa kawaida hutakiwa kutoza kodi ya pango ya bei ya soko, lakini makumbusho ya usafiri wa anga yasiyo ya kibiashara yanaweza kupunguziwa. Meneja wa kiwanja huenda hajui hilo. Mwombe mlisome pamoja. Dai mkataba mrefu kabla ya kupaka hata rangi.

Hatua ya 6: Kufundisha

Weka cherehani mlangoni. Warukaji hushona wenyewe suti zao, mikoba yao, na kurekebisha parachuti zao; kila kambi ina chumba cha cherehani. Tangu 2016 familia nyingi kutoka Kongo zimehamia Missoula, na mama mmoja fundi cherehani aligeuza suti ya mrukaji ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono, akasema, "Huyu alijua kazi." Mzee aliyeishona alikuwa amesimama nyuma yake.

Karibu na cherehani weka mikoba mitatu: kilo 5, 20 na 50. Ule wa tatu ufungwe sakafuni kwa mnyororo mfupi, unyanyuke kidogo tu, usije ukamvunja mtu mgongo.

Somo kubwa lifanyie nje, kwenye mteremko. Tarehe 5 Agosti 1949, warukaji 15 walitua Mann Gulch, kaskazini mwa Helena, wakaungana na mzimamoto mmoja aliyekuwa tayari ardhini. Moto ukavuka bonde na kuanza kupanda nyuma yao. Waambie wanafunzi wakimbie hatua hamsini kupanda, kisha waeleze kwamba moto hufanya kinyume chao: kwenye mlima huongeza kasi, kwa kuwa ndimi zake hukausha nyasi za juu kabla ya kuzifikia. Kiongozi wao, Wag Dodge, aliwasha nyasi zilizokuwa mbele yake, akaingia kwenye majivu na kulala kifudifudi. Aliwaita wenzake. Hawakuingia. Wawili waliwahi kupenya kwenye ufa wa mwamba, wakapona pamoja naye. Watu 13 walikufa.

Baada ya hapo nyamaza, waulize tu: wewe ungeingia? Usiwape jibu, na usiruhusu mtu awacheke waliokimbia.

Mwaka jana mvulana wa miaka kumi na moja, wazazi wake kutoka Fizi, mashariki mwa Kongo, alinyoosha mkono. Alisema bibi yake kila kiangazi huchoma nyasi kuzunguka nyumba, kidogokidogo, jioni upepo ukitulia, ili moto wa porini ukija ukute pameshaungua. Mzee aliyekuja na kikundi, mrukaji wa miaka thelathini, alimwomba arudie, na safari hii aeleze bibi huanzia upande gani. Mama yake akasaini fomu ya ruhusa, tukawasha kinasa sauti.