Komwe za Leipzig: bao la makasha ya mayai na taa ya majani

Kwetu Tanga vuli ni mvua. Hapa Leipzig vuli ni majani kupukutika, na saa zikisharudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa 11 jioni giza linaingia. Ukiwa ndani na mtoto wa miaka 5 na mwingine wa miaka 3, usipowapa kazi watakupa wao.

Mwishoni mwa Septemba tunapita Clara-Zetkin-Park na mfuko, siku isiyo na mvua. Tunaokota majani, kokwa za mwaloni, na zaidi kokwa za kastanie, za kahawia, zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Siku ya kwanza kuziona nilijisemea: komwe hizi, zile mbegu za kuchezea bao! Ila haziliwi. Kastanie ile inayochomwa na kuuzwa barabarani ganda lake lina miiba imesongamana kama kalunguyeye. Hii miiba yake ni michache, na ukiila inaumiza tumbo. Wangu mdogo ana tabia ya kuonja kila kitu, kwa hiyo namkalia karibu. Mtoto chini ya miaka 3 usimpe kabisa, atapaliwa.

Usizifungie kwenye kopo la plastiki. Mimi nilizifungia, baada ya wiki zimeota ukungu, na kwenye kokwa za mwaloni wametoka funza. Zitandaze kwenye gazeti, mahali pakavu.

Sasa bao. Makasha ya mayai hapa huwa ya mayai 10, mashimo 5 kwa 2. Chukua manne, kata vifuniko, kisha kila moja likate jozi moja ya mwisho zibaki 4 kwa 2. Yagundishe mawili kichwa kwa kichwa, na mawili mengine kando yake: umepata mashimo 32, safu nne za nane nane. Kete zinatakiwa 64. Chagua ndogo, kubwa zinajaza shimo na kumwagika. Zikipungua, ongeza za mwaloni.

Kila shimo weka kete mbili. Mchezaji ana safu zake mbili. Anachota shimo moja, anadondosha moja moja akizunguka. Ya mwisho ikiangukia penye kete anachota zote anaendelea, ikiangukia patupu amelala, zamu ya mwenzake. Kula kete za mwenzako tumekuacha mpaka mkubwa azoee. Mdogo kazi yake ni kupiga kelele "Umelala!", hata kama mtu hajalala.

Majani yalaze katikati ya magazeti chini ya vitabu vizito, siku tano hivi. Hayo ni ya taa. Tarehe 11 Novemba, siku ya Mtakatifu Martin, watoto hapa hutembea barabarani usiku na taa mkononi wakiimba. Pika vijiko viwili vya unga wa ngano na nusu kikombe cha maji, koroga mpaka uwe uji mzito, uache upoe. Paka nje ya chupa tupu ya jamu, bandika majani, paka tena juu yake. Shingoni zungusha waya, uache kishikio kirefu. Ndani weka kitaa cha betri, si mshumaa.

Kufika Krismasi majani yatakuwa yamekunjamana. Loweka chupa kwenye maji moto, yatabanduka yenyewe.