Kula vyakula vibichi safarini, kutoka Malindi hadi Lamu: ninavyofanya hatua kwa hatua

Safari yangu ya kwanza kwenda Lamu baada ya kuacha chakula cha moto, nilibeba maembe manane ya ngowe na chupa ya maji. Msimu ulikuwa umekolea, nikajiambia: ni nani aliyewahi kushinda na njaa Pwani wakati wa maembe? Kufika Garsen nilikuwa nimeyamaliza yote. Kufika Witu mikono inanitetemeka. Nilipoteremka Mokowe, gati ya bara ya kuvukia kwenda kisiwa cha Lamu, nikanunua mahamri mawili nikayala pale pale, na machozi yananilengalenga, kwa kuwa nilikuwa nimejiwekea ahadi na sikufika nayo hata ng'ambo ya pili.

Biashara ya leso imenirudisha njia hiyo mara nyingi tangu siku ile, na huu ni mwaka wangu wa sita wa kula mimea peke yake, bila moto. Ninaposema vyakula vibichi nakusudia hivi: hakuna nyama, samaki, mayai, maziwa, samli wala asali, na hakuna kilichopata joto la kupita nyuzi 45 hivi. Wako wanaoweka mpaka 42, wako wanaofika 48. Mimi sigombani juu ya nyuzi tatu.

Msafiri wa Pwani anayekula hivi huangushwa na mambo mawili: kutegemea matunda matupu, na maji ya kuoshea. La kwanza dawa yake ni nazi. La pili lataka uangalifu usiolegea hata siku moja.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya njaa

Embe ni tamu, lakini sehemu yake kubwa ni maji. Gramu 100 za embe lililomenywa zina kalori kama 60. Mtu anayehitaji kalori 2,000 kwa siku angelazimika kula zaidi ya kilo tatu za embe, bila kuhesabu ganda wala kokwa. Papai na tikiti ni hafifu zaidi. Ndizi hufika 90 hivi. Sasa linganisha na nazi iliyokomaa: gramu 100 zina kalori kama 350, kwa ajili ya mafuta yake. Tende zinakaribia 280. Ufuta unapita 550.

Kwa hivyo kila tunda la maji lifuatane na kitu kizito. Embe na nazi. Ndizi na ufuta. Papai na tende, kisha vipande vya nazi vya kutafuna polepole. Ukishika hili peke yake, nusu ya taabu ya safari imekwisha.

Hatua ya 2: Roweka choroko siku mbili kabla

Matunda na nazi havikupi protini ya kutosha. Mimi hutegemea choroko zilizomea, kwa kuwa ni rahisi kupatikana na humea upesi katika joto letu.

Chagua choroko, toa mawe na zilizotoboka. Osha, kisha roweka usiku kucha katika maji yaliyochemshwa yakapoa. Asubuhi mwaga maji, zifunge katika kitambaa safi cha melimeli, kitundike mahali penye kivuli na hewa. Zisuuze kwa maji safi asubuhi, adhuhuri na jioni. Baada ya siku moja utaona mikia, na siku ya pili zinalika vizuri zikiwa na ndimu na chumvi.

Joto na unyevu vinavyootesha choroko ndivyo hivyo hivyo vinavyozalisha vijidudu. Zikiteleza mkononi au zikitoa harufu ya uchachu, tupa zote, usijaribu kuzisuuza. Ndani ya basi nazila siku hiyo hiyo ya safari, hazilali. Mjamzito, mtoto mdogo, mzee na mwenye maradhi yanayodhoofisha kinga asile choroko zilizomea bila kupikwa. Hapo sina mjadala.

Hatua ya 3: Funga kikapu

Natumia kikapu cha ukindu. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, lakini hata isingepigwa marufuku, matunda ndani ya plastiki hutoka jasho na kuoza kabla ya jua kupinduka. Ukindu unapumua. Chini naweka nazi mbili zilizofuliwa, yaani zilizotolewa makumbi, juu yake machungwa na ndimu, kisha ndizi ambazo bado zina ukijani kidogo, na maembe ya aina mbili: yaliyoiva ya kula leo, na magumu ya kuiva kesho. Tende na ufuta ziko katika mikebe. Kisu kikali, kijiko, kitambaa cha melimeli cha kukamulia tui, na chumvi yenye madini joto. Mbuzi ya kukunia nazi siibebi. Lamu ni vigumu kukosa nyumba yenye mbuzi, omba tu.

Beba chakula cha siku mbili hata kama safari ni ya siku moja. Kutoka Malindi hadi Mokowe ni zaidi ya kilomita 200, na njia inapita bonde la mto Tana. Mwishoni mwa 2023 mafuriko yalifunika barabara ya kati ya Garsen na Lamu, magari yakakwama. Anayekula chochote anaweza kupata chai na chapati popote atakapokwama. Wewe una kikapu chako.

Kitu cha mwisho ni vidonge vya vitamini B12. Vitamini hii haimo katika mimea tunayokula. Haimo katika nazi, haimo katika mboga za majani, na mwani, ingawa wako wanaousifu, usiutegemee kwa hili. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku. Ukiikosa kwa muda mrefu damu hupungua, miguu na vidole huingia ganzi, na madhara ya mishipa ya fahamu mengine hayarudi nyuma. Nimekutana na wenzangu wanaoona kidonge kinaharibu usafi wa ulaji wao. Nawasihi wote wameze.

Hatua ya 4: Ndani ya basi

Usiruhusu kikapu kiwekwe kwenye buti, humo mna joto la tanuri. Mwombe kondakta ukiweke miguuni. Anza na vinavyoharibika upesi, yaani choroko na embe lililoiva, na nazi iwe ya mwisho.

Basi likisimama, wachuuzi watakuletea vitu madirishani. Nunua tunda zima unaloweza kulimenya wewe mwenyewe. Papai au tikiti lililokatwa tayari liache, hujui kisu kimeoshwa kwa maji gani. Njugu karanga nyingi zinazouzwa njiani zimekaangwa. Dafu ndilo rafiki yako, ila likatwe mbele yako na ulinywe pale pale. Mwambie muuzaji unataka lenye urambe, ile nyama laini ya ndani, si dafu changa la maji matupu. Maji yatakupooza, lakini urambe ndio utakaokufikisha.

Hatua ya 5: Soko la Lamu

Ukishavuka kutoka Mokowe na kuweka mizigo, nenda sokoni, karibu na Ngome, pembeni ya uwanja wa Mkunguni. Nenda asubuhi. Kuanzia Novemba hadi Machi maembe ni tele, ngowe, boribo, dodo, na bei zinashuka. Mvua za masika zinapoingia, utaegemea zaidi ndizi, papai, machungwa na nazi. Ukiona mastafeli au matopetope, usipite. Ubuyu nunua wa unga mkavu au mbegu zake zenye unga mweupe, si ule mwekundu wa sukari, kwa kuwa ule umepikwa.

Vitu vingine vinavyouzwa vibichi si vya kuliwa vibichi. Muhogo una sumu ya sianidi ambayo kupika vizuri ndiko kunakoipunguza. Najua wako wanaotafuna muhogo mtamu mbichi na nazi, lakini kwa macho huwezi kupambanua mtamu na mchungu, na mimi siugusi. Kisamvu ndio zaidi. Maharagwe makavu, hata yakimea, yana sumu inayotapisha vibaya. Na korosho zinazoitwa mbichi zimekwisha kuona moto, kwa sababu ganda lake lina mafuta yanayounguza ngozi na kulibangua salama huanzia na joto. Basi korosho mimi nimezitoa katika hesabu yangu.

Kwenye mikahawa agiza juisi kwa maneno matatu: bila sukari, bila maziwa, bila barafu. Ya ukwaju na ya mabungo uliza kwanza, maana mara nyingi huchemshwa.

Hatua ya 6: Maji

Hapa ndipo ninapotaka usome polepole. Chakula kilichopikwa husafishwa na moto. Chetu hakina moto, basi usafi wote uko katika maji na mikono. Mji mkongwe wa Lamu umejengwa nyumba kwa nyumba, visima vya zamani viko karibu na vyoo, na maji ya kisima yakionekana maangavu haina maana kuwa ni salama. Kipindupindu na homa ya matumbo havina rangi.

Kuchemsha maji hakuvunji ulaji mbichi. Unachemsha maji, hupiki chakula. Omba birika jikoni, acha yatokote kabisa walau dakika moja, yaache yapoe yakiwa yamefunikwa. Kama hakuna jiko, tumia dawa ya klorini ya kutibu maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na usubiri muda ulioandikwa. Siki, chumvi na ndimu haviui vijidudu vya kutosha, ingawa mama zetu wengi huamini hivyo.

Osha tunda kabla ya kulimenya, kwa kuwa kisu kinapopita kwenye ganda chafu hubeba uchafu hadi ndani. Matango na nyanya vioshe kimoja kimoja kwa kuvisugua. Mchicha, kabichi na dania huwa na mikunjo inayoficha udongo: tenganisha jani kwa jani. Ukiwa na shaka na maji yako siku hiyo, acha majani kabisa, ule vyenye maganda tu. Nilipuuza hili mara moja kwa ajili ya kachumbari ya mkahawa mmoja, nikalala siku tatu nikinywa maji ya chumvi na sukari.

Hatua ya 7: Mchuzi usiopikwa

Hiki ndicho chakula changu cha jioni nikiwa Lamu. Chukua nazi moja iliyokomaa, ikune. Mimina kikombe kimoja cha maji yaliyochemshwa yakabaki vuguvugu, pondaponda kwa mkono, kamua kwa melimeli. Hilo ni tui zito. Chicha, yaani nazi iliyokwisha kukamuliwa, usiitupe, changanya na tende zilizotolewa kokwa, finyanga vidonge, ule siku hiyo hiyo.

Katakata embe moja lililoiva na nusu ya embe bichi. Twanga tangawizi, kitunguu saumu kimoja, pilipili kwa kadiri yako na chumvi. Changanya na tui, kamulia ndimu, nyunyizia dania. Tia tango lililokatwa vipande vinene, kwa kuwa mchuzi wataka kitu cha kutafuna. Uchachu wa embe bichi ndio unaofanya kazi ya ukwaju.

Kula mara moja. Tui bichi katika joto la Lamu huchacha baada ya saa chache, na likichacha hakuna kuliokoa.

Hatua ya 8: Ukialikwa

Utaalikwa. Lamu huwezi kufanya biashara na mtu siku mbili asikwambie bismillahi, karibu. Niliogopa mialiko hii kuliko njaa. Nilikuwa nikidanganya kuwa nimeshiba, mpaka siku mwenyeji wangu, mtu mzima tunayemwita Bibi, aliponiangalia akasema, "Mwanangu, kila siku umeshiba. Au chakula changu hakikupendezi?"

Nilimwambia ukweli: "Bibi, mwili wangu nimeuzoesha vitu visivyopikwa. Ukinipa nazi na ndimu umenilisha, Mungu akujaze kheri." Hakuuliza sababu. Alimtuma mjukuu kuleta mbuzi.

Kwa hiyo sema mapema, kabla mama wa watu hajawasha jiko, na usiseme mbele ya sinia. Nenda na mkono usio mtupu: maembe, tende, au nazi. Keti na wenzako mkekani, ule chako kwa mkono wa kulia wakati wanapokula chao. Na katika nyumba ya mvuvi usianze kueleza kwa nini huli samaki. Samaki huyo ndiye aliyewasomesha watoto unaowaona.

Ukienda mwezi wa Ramadhani, mchana usile njiani wala barazani, hata kama wewe hufungi. Nunua mahitaji alasiri soko linapochangamka, ule chumbani. Magharibi ikifika jongea bila wasiwasi: watu wengi hufungua kwa tende na maji, na matunda hayakosekani.

Siku ya kurudi, nunua vyakula vyako jioni ya kuamkia safari. Mabasi ya Mokowe huondoka asubuhi mapema, na saa unayovuka soko bado limelala. Chagua koroma, ile nazi ambayo si dafu tena na haijakauka: nyama yake ni laini kukatika kwa kisu, na maji yake bado yananyweka.