Kabla hujaomba Tuzo ya Adams

Anza na mkataba wako wa kazi. Utoe, uangalie unaisha lini.

Tuzo ya Adams, ambayo Chuo Kikuu cha Cambridge hutoa kwa watafiti wa hisabati na fizikia ya kihisabati, humtaka mwombaji awe na ajira Uingereza, iwe chuoni au katika taasisi nyingine, kufikia tarehe inayotajwa kwenye tangazo. Kwa kawaida tarehe hiyo ni 31 Oktoba. Sasa, wengi waliotoka juzi kwenye uzamivu wana mikataba ya miaka miwili au mitatu, na mingi hukatika 30 Septemba. Mwezi mmoja tu, na umeshatoka nje ya masharti hata kama kazi yako ndiyo bora kuliko zote. Kama msimamizi wako amekuahidi nyongeza ya mkataba, mwombe aiweke kwenye maandishi mapema.

Uraia hauulizwi. Mtu wa Morogoro au wa Kisumu anayefundisha Leeds anaingia sawasawa na aliyezaliwa Leeds, ila mwenzake aliyebaki Dar es Salaam au Makerere hana nafasi, hata awe hodari kiasi gani. Zamani mlango ulikuwa mwembamba zaidi, kwani waliokuwa na shahada za Cambridge ndio pekee waliokubaliwa. Tuzo ilianzishwa 1848, na mwanamke wa kwanza kuitwaa, Susan Howson, aliipata 2002. Hesabu mwenyewe hiyo ni miaka mingapi.

Halafu umri. Mwombaji awe hajafika miaka 40. Hapa watu wetu wengi huumia kimyakimya. Mtu amemaliza shahada ya kwanza, akafundisha sekondari miaka minne, akarudi chuo kama mhadhiri msaidizi, akasubiri ufadhili wa uzamili, kisha wa uzamivu. Anapata shahada ya uzamivu akiwa na miaka 37. Masharti yanawaruhusu majaji kulegeza kikomo hicho kwa sababu za kipekee. Usijipe jibu mwenyewe, wala la ndiyo wala la hapana. Mwandikie katibu wa majaji kabla hujaandaa chochote, ueleze kwa mistari mitano muda ulikwenda wapi: ualimu, uzazi, ugonjwa, au kungoja ufadhili. Mistari mitano inatosha. Barua ya kurasa mbili ya kujieleza inachosha, nayo huanza kunukia maombi ya huruma.

Jambo ambalo wengi hawalioni hadi wamechelewa ni mada. Tuzo hii haichukui kila tawi la hisabati kila mwaka. Chuo hutangaza eneo moja, na maeneo hayo hupokezana: mwaka mmoja ni aljebra, mwingine ni hisabati ya mitandao, mwingine ni uchambuzi wa takwimu wa data kubwa, mwingine ni hisabati ya falaki na kosmolojia. Kwa hiyo huwezi kuanza utafiti siku tangazo linapotoka. Kinachotazamwa ni kazi uliyokwisha kuifanya, na tangazo huja kukukuta nayo au kukukuta huna. Soma maelezo ya mada neno kwa neno. Kama makala zako zinaigusa kwa pembeni tu, kaa mwaka huu. Jaji aliyezama katika tawi hilo atakunusa mara moja ukilazimisha nadharia yako ya namba ivae koti la takwimu.

Karne ya kumi na tisa mambo yalikuwa tofauti, na kisa cha mwanafizikia James Clerk Maxwell kinafaa kukumbukwa. Enzi hizo swali lilitolewa kwanza, na watu wakapewa muda wa kulijibu kwa insha. Swali la 1855 lilihusu pete za Zohali: ni gimba gumu, ni majimaji, au ni vipande vingi visivyoshikana? Maxwell, ambaye 1856 alihamia Aberdeen kufundisha, aliling'ang'ania swali hilo katikati ya vipindi na msiba wa baba yake. Akaonyesha kwamba pete ngumu ingeyumba na kuvunjika, pete ya majimaji ingekatika kuwa matone makubwa, na kinachoweza kudumu ni vipande visivyo na idadi, kila kimoja kikiizunguka sayari kwa njia yake. Insha yake ndiyo pekee iliyowasilishwa. Akapewa tuzo 1857.

Lakini hakuiweka kalamu chini. Aliendelea kuipasua na kuishona upya insha ileile, akijibu hoja za wakaguzi, hadi ilipochapishwa 1859. Akatengenezesha hata kifaa cha kuzungusha kwa mkono, chenye vipira 36 vya pembe ya ndovu, ili watu waone kwa macho jinsi wimbi linavyopita kwenye pete. Mwaka 1895 mwanafalaki James Keeler, kwa kupima mwanga wa pete kule Marekani, alikuta sehemu ya ndani inakwenda kwa kasi kuliko ya nje, jambo ambalo gimba gumu haliwezi kulifanya.

Nimekaa sana kwenye kisa hiki kwa sababu ya fedha. Kiasi hutajwa kwenye tangazo, nacho hubadilika, lakini kinachomshangaza mtu ni mgawanyo wake. Theluthi moja humwendea mshindi anapotangazwa. Theluthi ya pili hupewa taasisi yake, igharimie utafiti wa mshindi huyo. Theluthi ya tatu hushikwa hadi mshindi atakapokubaliwa kuchapisha, katika jarida linalotambulika kimataifa, makala ndefu inayopitia sehemu kubwa ya uwanja wake, kwa kawaida isiyopungua kurasa 25. Makala ya namna hiyo huchukua mwaka kwa mtu mwenye vipindi vya kufundisha. Kabla hujaomba, jiulize kama una mifupa yake tayari: sura ya mapitio kutoka tasnifu yako, maelezo ya mihadhara, chochote cha kuanzia. Na ofisi ya fedha ya idara ijue mapema kwamba huenda ikapokea fungu lako, usiwashtukize.

Kifurushi chenyewe si kikubwa. Wasifu, orodha ya machapisho, nakala za kazi unazotaka zipimwe, na muhtasari mfupi wa matokeo yako makuu. Tatu za mwanzo ni kazi ya ukarani tu. Kama umeandika na wenzako, sema waziwazi kipande kipi ni chako, ukiwa umeshazungumza nao.

Muhtasari ndio utakaokutoa jasho. Hutakiwi kuuandikia watu wa fani yako, unawaandikia wanahisabati wa fani nyingine. Mwenzangu mmoja anayeshughulika na mwendo wa majimaji alinisomea wake kwenye chumba cha chai. Sentensi ya kwanza: “Tunathibitisha upekee wa suluhisho dhaifu katika nafasi za Sobolev zenye uzito.” Pembeni alikuwepo mtu wa nadharia ya namba, anakoroga chai, naye akauliza kwa upole, “Kwa hiyo nini kimejulikana ambacho jana hakikujulikana?” Kimya. Tukarudi siku mbili baadaye na hii: “Ukijua maji yanavyokwenda saa hii, je, kuna namna moja tu ya yatakavyokwenda baadaye? Kwa kundi hili la mawimbi, jibu ni ndiyo, na awali ilijulikana pale tu mawimbi yalipokuwa madogo.” Yule wa namba aliinua kichwa na kusema, “Haya, endelea.” Basi mtafute mtu wa aina hiyo. Umsomee kwa sauti, maana jicho huruka yale ambayo ulimi hujikwaa, na pale anapoacha kukutazama, kata.

Faili ziwe PDF, zipewe majina yanayoeleweka, na uzifungue kwenye kompyuta ya mtu mwingine kabla ya kutuma. Zaidi ya hapo sina la kusema kuhusu faili.

Lililobaki ni barua. John Couch Adams, mwenye jina la tuzo, alikokotoa mahali ilipokuwa sayari isiyoonekana kwa kufuata mienendo ya Uranusi iliyokuwa haieleweki. Oktoba 1845, akiwa na miaka 26, alifika Greenwich kwa George Airy, mwanafalaki mkuu wa Uingereza. Hakumkuta, akaacha karatasi yenye matokeo yake. Airy akamwandikia kuuliza swali moja kuhusu hesabu hizo. Adams hakujibu. Urbain Le Verrier alikuwa akipiga hesabu hizohizo Ufaransa, na 23 Septemba 1846 Johann Galle wa Berlin akaelekeza darubini pale Mfaransa aliposema, akaiona Neptuni usiku uleule. Hoja ya nani apewe sifa ikawa ugomvi wa mataifa mawili.

Majaji nao huuliza maswali, na anwani ya barua pepe ya chuo hufungwa mkataba unapoisha. Weka kwenye wasifu anwani ya pili, ile ya kwako binafsi, na kuanzia Novemba uwe unapitia hata kule barua taka zinakoangukia.