Kidimbwi cha mayungiyungi uani

Huku kwetu Malindi ardhi ni mchanga mtupu, maji hayakai, kwa hiyo shimo lako la futi 2 kwenda chini lazima ulitandike nailoni nzito, na chini yake uweke magunia makuukuu isije ikatobolewa na mawe ya matumbawe. Pawe na jua masaa 6 hivi, si chini ya mwembe, majani yataozea humo. Maji nayo onja kwanza jamani, visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi na yungiyungi haliitaki, ya mvua ndo poa kabisa. Mmea uweke kwenye beseni lenye udongo mfinyanzi ndani, juu kokoto usitibuke. Mbu? Tia samaki wadogo, watamaliza viluwiluwi. Kuna watoto? Zungushia fito.