Mwenza wako ni mraibu wa ngono: namna ya kukitibu kiwewe chako

Anza na mwili. Kama mmekutana bila kondomu ndani ya saa 72 zilizopita na sasa umejua ana wengine, nenda kituo cha afya leo uulizie PEP, yaani dawa za kuzuia VVU zinazotolewa baada ya tendo. Kila saa unayochelewa inazipunguzia nguvu, na ukianzishiwa utazimeza siku 28 mfululizo. Muda huo ukishapita, pima VVU, kaswende, kisonono, klamidia na homa ya ini B, kisha urudie VVU na kaswende siku 90 baada ya tendo la mwisho, maana kipimo cha mapema mno huweza kukosa maambukizi yaliyopo. Mpaka majibu yatoke, ni kondomu au kulala mbalimbali.

Kukosa usingizi, picha zinazojileta zenyewe, tumbo kuvurugika, kushtuka simu yake ikilia: hivyo ni kiwewe, hujarukwa na akili. Picha ikija, kanyaga sakafu kwa miguu miwili, taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona na vinne unavyovigusa. Kisha vuta pumzi kwa kuhesabu hadi 4, uitoe hadi 7, kwa dakika tano. Kule kuitoa taratibu ndiko kunakotuliza mapigo ya moyo. Dalili zikizidi mwezi mmoja, tafuta mshauri nasaha anayejua kiwewe. Ukiwaza kujiua, usingoje miadi. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mshauri muulize mapema: ameshahudumia waliosalitiwa? Akianza kwa kukuuliza ulimkosea nini mwenzako, tafuta mwingine. Wengi hukimbilia ushauri wa wawili kwanza, na hapo ndipo wanapokwama: kama uongo bado unaendelea, mmoja anazungumza akiwa gizani.

Kinachoumiza kuliko yote ni ukweli unaotolewa kwa vipande. Leo anakiri picha za ngono, wiki ijayo mtu mmoja, mwezi ujao watatu, na kila kipande kinatonesha kidonda upya. Dai maelezo kamili ya maandishi, yasomwe mara moja mbele ya mshauri. Yaonyeshe aina ya matendo, tangu lini, kama kinga ilitumika, fedha zilizokwenda, na kama yumo mtu unayemfahamu. Mitindo na maumbo ya watu usiulize. Majibu yake hugeuka picha usizoweza kuzifuta. Andika maswali yako, yaache siku mbili, halafu ukate kila swali ambalo jibu lake halitabadili uamuzi wako.

Mipaka nayo huandikwa kwa kitenzi chako, si chake. “Usirudie tena” ni ombi. “Ukirudia, nitahamia chumba kingine na kulipa matumizi yangu kwa akaunti yangu” ni mpaka. Mitatu inatosha, na usiweke usioweza kuutekeleza, kwani tishio moja lisilotimizwa huua yote. Penye kipigo au vitisho, mipaka ingoje. Toka kwanza uwe salama.

Kumpekua simu saa nane za usiku kunakupa nafuu ya dakika chache, kisha wasiwasi unarudi mkubwa zaidi, na aliyezoea kuficha atapata simu ya pili. Badala yake, yeye akuletee taarifa, siku na saa moja kila wiki, dakika 20, bila kuulizwa.

Shirika la Afya Duniani linaitambua hali hii ya mwenza wako katika ICD-11, orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, kama tatizo la kushindwa kudhibiti misukumo ya ngono, kwa kawaida kwa miezi sita au zaidi. Maana yake kwako: kumwongezea tendo la ndoa hakumponyi, na umbo lako halikumletea. Wala jina la ugonjwa halimwondolei wajibu.

Watoto wakiuliza mbona unalia, waambie: “Wakubwa tuna tatizo, si kosa lenu, tunatafuta msaada.” Hayo mengine peleka kwa mtu mmoja au wawili wanaojua kutunza siri.