Hifadhidata katika karatasi ya pili ya kompyuta: fanya mazoezi hivi

Karatasi ya vitendo ya somo la kompyuta katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya (451/2), ina maswali mawili yenye alama sawa, yote ya lazima, kwa saa mbili na nusu. Swali la hifadhidata (data iliyopangwa katika majedwali) likitokea, makosa mengi hufanyika kabla rekodi ya kwanza haijaandikwa. Kwa hiyo tutakaa hapo zaidi.

Fanyia mazoezi kitu unachokijua. Aliye Kisumu achukue biashara ya samaki ya Dunga. Katika Microsoft Access, unda jedwali Mashua lenye NambariMashua, Mmiliki na Simu, kisha jedwali Mauzo lenye NambariMauzo, NambariMashua, Tarehe, Samaki, Kilo na Bei.

Sasa chagua aina ya data kwa makini. Simu iwe maandishi, kwa sababu ukiifanya nambari, sufuri ya mwanzo ya 07 itatoweka. Kilo ndiyo huwanasa wengi: Access hukupa Long Integer usipobadilisha, na hiyo haihifadhi desimali. Ukiandika kilo 12.7 za mbuta, utapata 13. Weka Double, inayohifadhi desimali. NambariMashua iwe ya aina ileile katika majedwali yote mawili, na katika Mashua iwe ufunguo msingi (primary key, kitambulisho kisichojirudia), la sivyo uhusiano wa moja kwa wengi (mashua moja, mauzo mengi) hautakubali kulindwa. Unganisha majedwali kabla ya kuingiza data, na uweke alama kwenye Enforce Referential Integrity ili uhusiano ulindwe. Jaza Mashua kwanza. Rekodi ya mauzo ya mashua ambayo haijasajiliwa itakataliwa, na inafaa ikataliwe.

Katika kweri (query, ombi la kuchuja au kukokotoa data), andika safuwima ya hesabu hivi:

Mapato: [Kilo]*[Bei]

Kikijitokeza kisanduku kinachokuomba thamani ya jina kama Killo, usijaze chochote. Maana yake jina uliloandika halipo kwenye jedwali, pengine umeandika Killo badala ya Kilo. Kifunge, urekebishe tahajia.

Kwenye lahajedwali (kama Excel), maksi hupotea zaidi kwa kusahau alama ya dola ($). Bei ikiwa katika F1, andika =C4*$F$1. Bila dola, ukinakili kwenda chini F1 hugeuka F2, kisha F3, na seli hizo zikiwa tupu utapata sufuri tupu.

Mtihani huja wakati wa mvua za vuli, na stima hupotea bila hodi. Bonyeza Ctrl na S kila unapomaliza sehemu ya swali. Access huhifadhi rekodi yenyewe unapohamia inayofuata, lakini muundo wa fomu, kweri na ripoti haihifadhi mpaka uiambie.

Hifadhi kazi kwenye kompyuta kwanza, funga programu, ndipo unakili kwenye CD. Faili iliyochomwa kwenye CD husomeka tu, hairekebishiki, basi hakikisha kila kitu kimekamilika. Usiweke nywila yoyote.

Usingoje mwisho ili uchape. Maabara nyingi zina printa moja, na foleni ya dakika za mwisho ni ndefu; chapa jibu mara tu linapokamilika. Kila karatasi iwe na jina na nambari yako ya mtihani kwenye kona ya juu kulia, CD nayo vivyo hivyo. Kwenye karatasi ya majibu andika jina na toleo la programu uliyotumia kwa kila swali, kisha panga karatasi zako, uzifunge pamoja na kuzikabidhi na CD.