Fungua daftari la neema zako kama unavofungua daftari la duka

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mtu yeyote aliyewahi kukaa dukani anajua maneno haya yana uzito gani. Mi nina duka dogo la rejareja huku Tandika, Dar es Salaam, mchele, unga, sabuni, vocha, vitu vya kawaida tu, na mwaka wa kwanza mahesabu yote nlikuwa nayaweka kichwani. Kila usiku nahesabu hela ya siku naona ndogo, roho inauma, nalala nimenuna. Nlipoanza kuandika ndo nikajua kumbe mali ninayo, ipo kwenye shelfu na nyingine ipo kwa watu ninaowadai, ni vile tu sikuwa naiona. Baadae nikawaza, sasa haya maisha yangu mengine yote nani anayaandikia daftari? Ndo nikaanza, na leo nataka niwaelekeze ninavofanya maana imenisaidia sana.

Tafuta daftari la kawaida la wanafunzi na peni, basi. Usitumie simu, kwasababu simu ukiishika tu unakutana na status za watu wapo Zanzibar wanakula pweza na wewe ulichotaka kuandika kinakutoka. Piga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika nilichopokea, kulia andika kimetoka kwa nani. Huo upande wa kulia usiuache wazi jamani, ndo wenye kazi kubwa kuliko hata ule mwingine.

Alafu andika kama unaandika stoki. Dukani huwezi kuandika "vitu vingi vipo", unaandika mchele kilo ngapi, sabuni miche mingapi. Na huku hivohivo, ukiandika "nashukuru familia, nashukuru uzima" kila wiki, baada ya wiki tatu utachoka na utaacha, naongea kitu nilichokipitia. Nikupe mfano wa kwangu. Kuna kipindi maji yalikata siku nne, usiku wa nne saa nane jirani wa chumba cha pili akagonga dirisha, "baba amka maji yametoka!", nikatoka na shuka kiunoni nikakuta ndoo yangu kashaikinga, nikajaza jaba na madumu matatu, tukawa tumesimama pale bombani tunacheka gizani kama watoto. Ningeandika "maji yametoka" tu nisingemuona yule mama aliyekatisha usingizi wake kwa ajili yangu, na yeye ndo ilikuwa mali yenyewe, maji yangekuja tu siku yoyote.

Kuhusu mara ngapi, mi naandika mara moja kwa wiki, Alhamisi usiku nikishafunga duka, mambo matano yasizidi. Sijakurupuka na hiyo hesabu. Mwaka 2003 maprofesa wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walitoa utafiti wao, waliwagawa wanafunzi makundi, kundi moja likawa linaandika mambo yasiyozidi matano ya kushukuru kila wiki kwa wiki 10, jingine linaandika kero zake, jingine matukio tu. Wale wa shukrani wakawa wanayaona maisha yao vizuri zaidi kuliko wenzao na hata mazoezi walikuwa wanafanya zaidi kuliko wale wa kero. Mara moja kwa wiki, mambo matano, hata mwenye duka linalofungwa saa nne usiku anaweza.

Na kuna utafiti mwingine wa zamani, wa 1978, ulinigusa zaidi. Waliwahoji watu 22 walioshinda bahati nasibu kule Illinois, Marekani, pesa nyingi, wakawalinganisha na majirani wa kawaida. Walioshinda hawakuwa na furaha ya kuwazidi wenzao, alafu vitu vidogo kama kunywa chai ya asubuhi au kupiga stori na rafiki wao ndo walikuwa hawavifurahii kama wenzao. Yani hela imekuja na utamu wa chai ukapungua. Hela naitafuta kila siku na nitaendelea kuitafuta, kodi ya chumba hailipwi kwa asante, ila sitaki inifikishe huko. Kwahiyo asubuhi nikinunua vitumbua viwili pale kwa mama wa kona nakula nikiwa nimekaa, simu ipo mfukoni, nasikia ile iliki. Ukitaka kujua utamu wa maji muulize aliyefunga, sasa jaribu kunywa glasi moja kwa siku kama umefunga.

Kazi nyingine ni kulipa madeni ya ule upande wa kulia. Ukiona jina linajirudia, nenda. Mi fundi cherehani mmoja mzee ndo alinikopesha mtaji wangu wa kwanza bila kuandikishana popote, hela nilimrudishia ila asante yenyewe sikuwahi kumpa nikiwa nimetulia. Nikaenda na sukari kilo mbili, nikamwambia mzee bila wewe lile duka lisingekuwepo. Akasimamisha cherehani, akakaa kimya, mwishowe akasema "kumbe mwanangu unakumbuka". Nenda mapema, wazee hawatungoji.

Ila shukrani isikufunge mdomo. Mwajiri hajakulipa miezi mitatu, dai haki yako, usijifariji na daftari. Unaumwa, nenda hospitali. Na mwenye msiba usimwambie ashukuru, kaa nae mkekani tu inatosha.

Wiki mbaya zipo, andika hata kimoja. Wiki iliyopita mvua ilinyesha mfululizo, duka halikuuza kitu cha maana, na mimi kwenye chenji nikamzidishia mtoto flani shilingi mia tano bila kujua. Baada ya nusu saa namuona anakuja mbio, peku, kalowa chapachapa, kakunja ile hela kwenye ngumi. Kulia nimeandika jina lake na la mama yake pia, maana kuna mtu alimwambia rudi ukampe hela yake.